Deputi na Vitabu vya Kaki

Deputi hakupenda kuombwa kitabu kizuri. Ukimwambia, "Deputi, nipatie kitabu kizuri," angekutazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayekagua kuku wa kununua, halafu aseme, "Kizuri kwa nani? Wewe mwenyewe uzuri wako sijauona." Kisha angekupa. Hilo ndilo watu wa nje hawakulielewa. Alikutukana kwanza, akakupa baadaye, na mara nyingi kile kitabu kilikuwa tusi kubwa kuliko lile la mdomo.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya bweni ya wasichana huku Homa Bay, na alitufundisha Kiswahili na fasihi. Walimu wakuu walikuja wakaenda, yeye akabaki Deputi. Alistaafu akiwa Deputi, akarudi kwake Sindo akiwa Deputi, na hata wanawake wanaoanika dagaa wa omena kule ufuoni, ambao shule ile hawajawahi kuikanyaga, walimwita Deputi. Jina lake halisi nalijua lakini silitaji. Nikilitaja nitahisi mtu amenishika sikio.

Mimi nashona sare za shule mjini Migori. Rafiki yangu tangu kidato cha kwanza ni Mama Joy, mwenye duka la vitambaa Oyugis. Naandika habari za Deputi kwa sababu ya huyo Mama Joy. Alikuwa na haki ya neno moja kutoka kwa Deputi, neno la pole, kwa jambo nitakalolisimulia, na miaka ikapita bila kulipata. Nilipoambiwa kwamba Deputi ameanza kuishiwa nguvu, niliapa kwamba hafi huyu mama kabla hajalitamka.

Lakini kwanza mumjue.

Vitabu vyake vyote alivivika karatasi ya kaki, ile ya kufunikia daftari za shule, na hakuandika kitu juu yake. Huwezi kujua jina la kitabu wala la mwandishi mpaka ukifungue, na ukikifungua mbele yake anakunyang'anya. "Unatafuta nini? Picha?" Kabati lake lilijaa migongo ya kaki inayofanana, na yeye alijua kila mmoja kwa kuupapasa. Haikuwa na maana kumwambia umesikia kitabu fulani kinasifiwa. Angesema, "Na wewe pia unasifiwa kanisani, lakini mimi nakujua."

Tulipomaliza shule na kutawanyika, wachache wetu tuliomba tuendelee kusoma naye. Ndipo kikaanza kile kikao cha Jumapili mchana, nyuma ya duka la Mama Joy, katikati ya marobota ya vitambaa. Alikuja kutoka shuleni na mfuko wake wa kiondo. Desturi ilikuwa moja, na aliitunga yeye. Anayetaka kitabu cha kusoma baada ya kile alichomaliza anasimama, anasema kile cha mwisho kilimwacha wapi, halafu anatuomba sisi wenzake tumpendekezee kingine. Mtu yeyote anaweza kupendekeza. Lakini ukimpendekezea mwenzako riwaya, ni lazima umwambie mbele ya wote yeye ni nani humo ndani.

Jaribu siku moja na marafiki zako. Utaona urafiki unavyoanza kutoa jasho.

Sisi tulikuwa waoga. Tulipendekezeana riwaya ambazo mwenzako ndani yake ni bibi harusi, au daktari, au yule msichana jasiri anayevuka mto. Deputi alituacha tumalize kupakana mafuta, kisha akaweka kikombe chini. Kulikuwa na chifu mmoja mstaafu aliyejiunga nasi, mtu mpole, mzito, mwenye kofia ya pama. Alipoomba kitabu, nikampendekezea mimi riwaya moja ambamo yeye angekuwa hakimu. Deputi akacheka. Akatoa cha kaki kwenye kiondo, akakiweka magotini pa mzee wa watu.

"Hapa wewe ni jirani," akamwambia.

"Jirani yupi, Deputi?"

"Anayefika matangani kabla ya jeneza, kwa sababu amesikia harufu ya wali."

Yawa! Tuliinamisha vichwa. Yule chifu akavua kofia, akaivaa tena. Alikichukua kile kitabu. Majuma mawili baadaye alirudi akasema amekisoma mara mbili na angependa kujua kama yule jirani amewahi kuandikiwa kitabu chake peke yake. Matangani nako, watu wa kwao Kasipul wanasema alianza kufika na kuni.

Mimi alinipa changu nikiwa nimetoka kuachana na mume wa pili. Nilitaka kuambiwa mimi ni mwanamke shujaa, wacha niseme ukweli. Nilisimama hapo na kitambaa kipya cha kichwa, nikasema nimemaliza riwaya ya mapenzi nikalia, naomba nyingine. Deputi akanipa kitabu kinene.

"Wewe ni shangazi," akasema.

"Shangazi wa nani?"

"Utamwona mwanzoni. Analeta ndizi, anaulizwa habari za safari, anajibu. Halafu mwandishi anamsahau."

Nilikisoma chote nikimngoja huyo shangazi arudi. Hakurudi. Harusi ikafanyika hakualikwa, moto ukaunguza nyumba hakuja kuzima. Nilipofika mwisho nilikuwa nimekasirika mpaka nikamshonea mteja sketi ndani nje. Tangu siku hiyo sijawahi kufika mahali nikajibu tu maswali ya safari. Nikifika kwako nitakaa, nitaongea, utanikumbuka hata ukitaka kunisahau. Sijui kama ni kitabu kilichonifanya hivyo au ni hasira ya kumkomoa Deputi. Kwake yeye naona havikuwa na tofauti.

Alikuwa Msabato, na hapo hakutaka mchezo. Ijumaa jua likizama alifunga riwaya palepale alipofikia, hata kama ni katikati ya sentensi. Nakumbuka tulikuwa bwenini anatusomea habari za mtu aliyeanguka kisimani, ameshika kamba kwa mkono mmoja, na kamba inakatika nyuzi. Akatazama dirishani, akafunga kitabu. Tulipiga kelele. "Atangoja mpaka kesho jioni," akasema. "Na ninyi mtangoja naye. Aliyeanguka ni yeye, ninyi mnalia nini?" Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumfuata nyumbani kumwonya kwamba riwaya ni uongo na uongo ni dhambi. Alimkaribisha, akamnywesha maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvutia kimoja cha kaki na kumwambia humo yeye ni kasuku. Mzee alikirudisha baada ya muda akiwa amekifunga kwenye gazeti ili kisionekane, akauliza kwa sauti ya chini nini kinafuata.

Darasani aliwahi kumkuta msichana amekunja pembe ya ukurasa kuweka alama. Alimshika sikio, akaendelea kufundisha kipindi kizima akiwa amelishika, anaandika ubaoni kwa mkono mwingine, na yule msichana anamfuata huku na huku ameinama. Alipomwachilia alimwuliza, "Inauma?" Msichana akasema ndiyo. "Haya. Sasa kunjua ukurasa." Leo mtu angepelekwa mahakamani. Wakati ule tulicheka mpaka machozi, na yule msichana naye akacheka, maana nani angethubutu kutocheka?

Na huyu huyu mama asiye na huruma, ukimkuta jioni anatazama zile tamthilia za Wahispania kwenye televisheni ya jirani, amekaa sakafuni na msichana wa kazi wa jirani, wote wawili wanafuta machozi na leso moja. Nilimfumania. Akaniambia, "Haya ni macho tu, yanatoka maji. Kitabu hakilii, macho ndiyo yanalia." Sikuelewa maana yake na nadhani naye hakuelewa. Alikuwa ameshikwa tu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyechukiana naye miaka yote. Hawakusalimiana hata kwenye foleni ya chai. Yule mwalimu alipougua na kulazwa Homa Bay, Deputi ndiye aliyekwenda wodini kila siku baada ya vipindi, akavuta kiti, akamsomea riwaya ya upelelezi. Hakumletea uji wala chungwa. Hakumwuliza anaendeleaje. Alisoma tu, akafunga kitabu, akaondoka. Mwalimu wa hesabu alikufa wakiwa wamebakisha sura chache. Tulipokwenda kumwambia Deputi tukidhani atavunjika, alikunja uso. "Amekwenda bila kuniambia anamshuku nani," akasema. "Hata kufa kwake ni kwa ujeuri."

Neno pole hakulitumia. Sisi huku ukijikwaa pole, ukipiga chafya pole, ukibeba mzigo pole. Deputi alikaa kimya. Alisema pole haijafufua hata kifaranga, na kwamba mtu anakupa pole ili apite, kama dereva anavyopiga honi. Wanafunzi waliofiwa walirudi shuleni wakamkuta anawapa kazi ya insha. Mnaweza kusema alikuwa na moyo wa jiwe. Sisi wenyewe tulisema hivyo, tena kila siku.

Sasa niseme la Mama Joy.

Joy alikuwa mtoto wake wa pekee, wa kupatikana kwa shida, baada ya mimba zilizoharibika. Mama Joy siku zile alikuwa akibeba vitambaa na nguo mpaka Masara, kwa wachimba dhahabu, kwa sababu wachimbaji wakipata hawaulizi bei. Siku moja Joy aliamka na joto mwilini. Si joto la kutisha, joto la watoto. Mama yake akampa dawa, akamwacha na mama yake mdogo, akasema atarudi mapema. Masara biashara ikawa nzuri. Akakawia. Aliporudi alikuta watu uani wamesimama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtazama. Joy alikuwa amefariki kwenye pikipiki, wakiwa bado hawajafika hospitali.

Tulizika. Nilikaa naye. Alikuwa hali, halali, anakunja vitambaa na kuvikunjua. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi akasema kikao kiendelee, hawezi kukaa na ule ukimya. Tukakaa, tumejaa kuliko siku zote, maana wengine walikuja kumfariji. Akasimama kama desturi. Hakusema kitabu cha mwisho kilimwacha wapi. Akasema tu, "Marafiki zangu, nipendekezeeni kitabu. Kinisahaulishe."

Mmoja akataja cha vichekesho. Mimi nikataja cha safari. Hakuna aliyesema yeye ni nani ndani yake, na nilidhani siku ile hata jiwe lingeielewa sababu. Deputi akaingiza mkono kwenye kiondo.

"Vya kusahaulisha vinauzwa kwa chupa," akasema. "Chukua hiki. Ni habari za mwanamke anayekwenda kuuza chumvi gulioni, anamwacha mtoto ana homa. Wewe ni yeye."

Shangazi yake Mama Joy alinyanyuka amtie Deputi makofi, tukamshika. Mama Joy hakulia. Alikipokea kile kitabu kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa shuleni kupokea vitu vya mkubwa, akaingia ndani ya nyumba yake na kufunga mlango. Baadaye aliniambia alikisoma mpaka pale yule mwanamke wa chumvi anaporudi na kukuta watu uani. Hapo akatoka nje, akakitumbukiza chooni. Nilipomwuliza kama kimezama alisema, "Si nilikisikia."

Kikao kikafa. Miaka ikaja, simu zikaja, tukafungua grupu ya WhatsApp na mtu akaiita Nisome Nini. Deputi aliyekuwa ameshastaafu akaingizwa na binti yake. Kwa kuwa macho yalikuwa yakimsumbua hakuandika, alituma sauti, fupi, kama kofi la dirishani. Mwalimu mmoja kijana aliandika, "Hi watu wangu, nipendekezeeni riwaya isiyosahaulika." Deputi akajibu, "Wewe umesahau hata kumalizia salamu. Soma kamusi." Watu walicheka kwa vikatuni. Waliendelea kumwuliza, kila juma mmoja anajitoa kafara, na kila juma anamwambia mtu yeye ni mbuzi wa nani, mke mdogo wa nani, maiti ya sura ya pili. Nadhani wengi tulikuwa tumezoea kupendwa na watu wasiotutazama. Huyu alitutazama.

Mama Joy alikuwa kwenye grupu hiyo. Hakujitoa, hakuandika neno. Lakini tukikutana alinirudia maneno ya Deputi, nikajua amesikiliza kila sauti. Riwaya hakugusa tena, hata gazeti la kufungia nyama alilikunja bila kulisoma. Nilimwuliza kwa nini asijitoe basi. "Nangoja akosee aseme pole," akasema. "Nataka niwepo."

Kisha sauti za Deputi zikakoma. Binti yake akatuandikia: sukari imemmaliza macho, haoni kabisa, na mguu mmoja una kidonda. Nikampigia Mama Joy nikamwambia mimi nakwenda Sindo, na nikitoka huko nitakuwa na neno lake mkononi. Akasema naye atakuja, lakini ni kununua samaki tu. "Kwake siingii," akasema. "Usinibembeleze."

Tulifika mchana. Mama Joy akakaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, mgongo kwenye nyumba ya Deputi. Mimi nikavuka.

Nilimkuta sebuleni, amenyooshewa mguu juu ya stuli, amekuwa mdogo. Kabati la vitabu lilikuwa palepale. Nilikaa kabla hajaniambia nikae.

"Umenenepa," akasema. "Nimesikia kiti."

"Deputi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni shangazi wa Migori. Umeleta ndizi?"

Sikuleta ndizi, nilileta sukari guru kwa upumbavu wangu, nikaisukuma chini ya kiti kwa kisigino. Tukaongea kidogo. Binti yake anamsomea, alisema, lakini anasoma kama anayetangaza vifo redioni. Nikaona nikizidi kuzunguka nitaondoka mikono mitupu.

"Deputi, nimekuja kuomba neno moja. La Mama Joy."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ng'ambo hapo. Anakunywa chai."

"Kumbe anakunywa." Akatikisa kichwa. "Kile kitabu alikifikisha wapi?"

"Alikitupa, Deputi. Chooni."

"Sikuuliza alikiweka wapi. Alikifikisha wapi?"

"Pale mwanamke anaporudi anakuta watu uani."

"Aa," akasema. "Hakufika kokote. Hapo hata robo si robo."

Nikamwuliza kuna nini mbele.

"Mbele anaishi. Kitabu chote kilichobaki anaishi tu. Anapika, anagombana na wifi yake, anauza chumvi ileile kwenye gulio lilelile, anazeeka meno yanang'oka. Kinachosha. Sijaona kitabu kinachochosha vile. Ndiyo maana nilimpa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angekisoma cha nini? Nilidhani ni msomaji. Kumbe alikuwa mfiwa tu."

Hapo nikasahau sukari, nikasahau kidonda, nikasahau kwamba ni mwalimu wangu. Nikasimama. "Deputi, wewe ni mtu mbaya. Mbaya kabisa! Ulimwambia mbele ya watu, mama yake yupo, shangazi yake yupo, udongo wa kaburi haujakauka. Mfiwa tu? Ulitaka awe nani wiki ile? Ungekosa nini kumpa mkononi, jikoni, mkiwa wawili? Ulitaka tuone unavyojua kuchagua. Basi tuliona!"

Alisogeza uso kuelekea sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anaangalia kabati.

"Udongo ulikuwa haujakauka," akasema. "Hilo kweli."

Nikangoja. Nilidhani sasa linakuja. Alipapasa leso mapajani, akapangusa mdomo. "Na wewe umepaza sauti ndani ya nyumba yangu," akasema. "Nenda."

Nilivuka barabara. Mama Joy hakugeuka. Nikakaa, nikamwambia, "Amesema pole."

"Hiyo pole umeibeba kutoka Migori," akasema. "Bado ina vumbi la barabara ya Rongo. Alisema nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya mfiwa tu, na jinsi nilivyomfokea, na udongo, na yule mwanamke wa chumvi anayeishi mpaka meno yanang'oka. Alinisikiliza akizungusha kikombe. Nilimtazama kwa hofu, maana nilikuwa nimemwahidi neno na nimemletea tusi jipya.

"Anaishi tu?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Hapati mtoto mwingine? Hafi? Hawehuki?"

"Anagombana na wifi yake."

Akacheka. Kicheko kibaya, cha puani, lakini kicheko. Kisha akafunga leso yake vizuri kichwani, akanyanyuka na kuvuka barabara bila kuangalia pikipiki, mimi nyuma yake nikiomba wasiuane.

Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, Deputi akainua kichwa.

"Nani?"

"Mimi."

Sauti ile hakuwa ameisikia miaka yote hiyo, na aliijua papo hapo. Vidole vyake vikakamata mkono wa kiti.

"Wewe ulitupa kitabu changu chooni."

"Ndiyo."

"Kilikuwa cha pekee. Sijakiona tena popote."

"Na mimi wangu alikuwa wa pekee," Mama Joy akasema. "Sijamwona tena popote."

Binti wa Deputi alikuwa ametokea jikoni na mwiko mkononi. Nikampungia asiseme kitu. Nilimtazama Deputi, na sikuwa na huruma naye hata kidogo.

Mama Joy akavuta kile kiti nilichokikalia, akakisogeza mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya Deputi. Akakaa, kisha akakumbuka, akasimama tena kama desturi.

"Cha mwisho kiliniacha uani na watu," akasema. "Sijasoma kingine. Nisome nini sasa, Deputi? Na uniambie mimi ni nani humo."

Tulingoja. Huyu mama alikuwa na jibu kwa chifu, kwa mzee wa kanisa, kwa kila mpumbavu wa grupu. Macho yake yaliyokufa yalikwenda kulia, kushoto, kama yanapita kwenye migongo ya kaki safu baada ya safu. Midomo ilicheza. Mkono ulinyooka kuelekea kabatini ukarudi.

"Sijui," akasema.

"Umesemaje?"

"Sijui nikupe nini. Sijui wewe ni nani." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeitwa ubaoni hajasoma. "Sina."

Mama Joy akakaa, akaupanga mkoba wake mapajani.

"Fikiria basi," akamwambia. "Mimi sina haraka, na wewe huna pa kwenda."